Vichupa Vinane vya Krupali

Sura ya Saba

"Usivuke mstari," alisema Easter, fundi wa maabara.

Msichana aliyeambiwa hivyo alisimama papo hapo, ncha za viatu vyake nyuma ya mstari wa manjano uliopakwa sakafuni. Jina lake Krupali, umri miaka ishirini na mitano, na mpaka Jumatatu mchana alikuwa akiuvuka mstari ule mara kumi kwa siku. Sasa ilikuwa Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na barua iliyobandikwa mlangoni ilimtaja kwa jina kuwa haruhusiwi kuingia maabara.

Inspekta Kanze aliisoma barua hiyo yote, hata tarehe na jina la aliyeitia sahihi. Kisha akamgeukia Krupali.

"Nieleze tena. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua lolote, maana ndivyo nilivyo."

"Nasomea shahada ya uzamili katika bioteknolojia ya dawa," alisema Krupali. "Kazi yangu ni dawa ya sumu ya nyoka, yule moma. Unamjua moma, Inspekta?"

"Mimi mtu wa Tezo. Tumemkanyaga sana shambani."

"Basi nimechukua bakteria wa kawaida, nikawabadilisha ili watengeneze kingamwili inayoizuia ile sumu. Bakteria hao ni kama mbegu. Nimewagandisha katika vichupa vinane. Nikitaka kingamwili, nachukua tone, nalitia katika mchuzi, wanakua usiku kucha, asubuhi navuna."

"Mchuzi?"

"Ndivyo tunavyouita. Maji yenye lishe. Ndicho chakula chao."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu alikuja mtahini kutoka nje. Akataka kuona kwa macho. Easter akakuza vichupa vyote vinane mbele yake. Jana asubuhi wakapima. Bakteria wapo, lakini kingamwili haipo hata chembe. Msimamizi wangu, Dokta Gachanja, alikuwa amekwisha kumwambia mkuu wa chuo kwamba matokeo yangu ni ya kubuni. Mimi nasema vile si vichupa vyangu. Nimebadilishiwa."

"Una vingine mahali?"

"Sina. Miaka miwili yote imo mle ndani."

Kamati ya nidhamu ya Chuo cha Mkoroshoni ingeketi saa nane mchana. Ikimwona mwongo, angefukuzwa, jina lake lingepelekwa vyuo vyote, na jalada lingefunguliwa la kughushi. Ni yeye mwenyewe aliyekwenda kituoni Jumanne kushitaki wizi. Askari wa zamu, asijue la kuandika, aliandika katika kitabu cha matukio: wizi wa wadudu wanane. Kituo kizima kilicheka siku nzima. Kanze hakucheka. Alichukua jalada.

"Kaa hapa kwenye kibao," alimwambia. "Usiondoke, na usizungumze na mtu kuhusu vichupa. Hata nami usizungumze mpaka nikuulize."

Kanze na msaidizi wake, Konstebo Thuku, walivaa makoti meupe na glavu, wakaingia. Easter alifungua friza kubwa iliyosimama peke yake ukutani. Kipimo juu yake kilionyesha digrii themanini chini ya sifuri. Ukungu ukamwagika mpaka magotini.

"Afande, hii baridi ni ya kwetu kabisa," alisema Thuku. "Ni kama nimerudi Nyahururu."

"Basi usizoee. Daftari liko wapi?"

Daftari la friza lilining'inia kwa kamba. Kila aliyefungua aliandika jina, saa na sababu. Thuku alilisoma kwa sauti. Jumamosi, saa nne mpaka saa sita, Krupali, kazi ya kawaida. Jumapili, saa nne mpaka saa tano na robo, Oliver, kuchukua sampuli. Jumatatu saa nane mchana, Easter na mtahini. Hakuna mwingine.

"Funguo za friza ni ngapi?" Kanze aliuliza.

"Tatu. Mmoja wangu. Mmoja wa wanafunzi, wanausainia getini. Mmoja wa Dokta."

"Wewe Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kanisani, kisha Mombasa kwa dada yangu. Nimeanza kazi hapa wiki tatu tu, Inspekta. Hata majina ya wanafunzi bado nayachanganya."

Easter alitoa kisanduku cha kadibodi, akakiweka juu ya barafu. Vichupa vinane vilisimama ndani, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba, vimefunikwa na umande ulioganda. Lebo zilikuwa za mashine. Mtu yeyote mwenye faili angeweza kuzichapa.

"Futa kimoja," alisema Kanze.

"Kitu gani?"

"Huo ukungu. Nataka kuona ndani."

Easter alikifuta haraka kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na barafu nyeupe iliyoelekea manjano, kama maji yaliyooshewa mchele. Akafuta cha pili na cha tatu. Vilikuwa vivyo hivyo.

"Huyu msichana ana kisanduku kingine humu? Chochote alichogandisha yeye."

Easter alitafuta. Alipata kisanduku cha mwaka jana chenye bakteria ambao Krupali hakuwahi kuwabadilisha, wale wa kulinganishia tu. Alikifuta kichupa kimoja, akakiweka kando ya vile vinane.

Hicho kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Thuku alipiga picha mbili, kisha ya tatu akiweka rula kando. Easter aliinama, akatazama, akainuka.

"Hilo sikuliona Jumatatu. Huwa hatufuti. Tunakwangua juu kwa kijiti, tunarudisha, visipate joto."

"Linaweza kutokana na nini?"

"Mchuzi tofauti. Labda alibadilisha mchuzi."

"Labda," alisema Kanze. "Rudisha. Nani Oliver?"

*

Oliver alikuwa kijana mrefu aliyesomea shahada ileile, meza yake ikipakana na ya Krupali. Alikaa mbele ya Kanze katika chumba cha mikutano akiwa amekunja mikono.

"Jumapili ulifungua friza."

"Nilichukua sampuli, madam. Nimeandika."

"Sampuli zipi?"

"Zangu za kawaida."

"Easter anasema sampuli zako ziko friza ya kule mwisho. Tangu mwezi uliopita."

Oliver alikunjua mikono, akaikunja tena. "Nilisahau. Nikafungua hii kwanza."

"Kwa muda wa saa moja na robo?"

Oliver alianza kukwaruza ukingo wa meza.

"Sikiza, kijana," alisema Kanze kwa sauti ileile. "Krupali anafukuzwa leo saa nane. Jina lako ndilo la mwisho katika daftari kabla ya mtahini. Mimi nikiondoka hapa na hilo tu, nitaondoka nawe. Thuku, pingu unazo?"

"Ninazo, Afande. Na funguo yake safari hii sijasahau."

Oliver alimtazama Thuku, akaona hakuna utani usoni pake.

"Ni ukwaju," alisema.

"Nini?"

"Juisi ya ukwaju, madam. Nilikuja nayo kwa chupa ya kioo. Jua lilikuwa kali, nikasema niitie kwenye friza dakika tano tu. Nikakaa kwenye kompyuta, nikasahau. Ikapasuka mle ndani." Alijifuta uso. "Chakula maabara ni marufuku. Ukikamatwa, unasimamishwa muhula mzima. Nikatoa visanduku vyote, kimoja kimoja, nikavipanga juu ya barafu, nikafuta. Cha Krupali ndicho kilichorukiwa zaidi. Nilifuta kila kichupa mkononi."

Kalamu ya Thuku ilisimama. Kanze hakubadilisha mkao.

"Vyote vinane?"

"Vyote. Ningeacha hata tone, angejua. Yule anajua mpaka namna kiti chake kilivyoelekea."

"Vilikuwaje?"

"Kama siku zote. Chai ya Ba."

"Ndiyo nini hiyo?"

Oliver alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Tunamtania hivyo. Mchuzi wake ni wa rangi ya chai. Anaupika mwenyewe, hatumii wetu. Ana kijiko chake, ana chupa zake, zote zimeandikwa jina. Mwaka wa kwanza nilichukua kijiko chake bila kumwambia, hakusema nami siku tatu. Ba ni bibi yake."

"Jumapili, saa tano na robo, vilikuwa vya rangi ya chai."

"Ningeapa."

"Utaapa. Mbele ya kamati, na utasema na ukwaju pia."

"Madam, watanisimamisha."

"Muhula mmoja. Mwenzako ni maisha yake. Au unataka nimwambie Bibi kwamba ulikuwa na neno la kumwokoa ukalinyamazia?"

"Nitasema," alijibu.

Alipotoka, Thuku alifunga kalamu. "Afande, mimi nilikuwa nimeshamfunga huyu kichwani. Kumbe ni mwizi wa baridi tu."

"Ametupa saa. Jumapili saa tano na robo vilikuwa vyake. Jumatatu saa nane si vyake. Nipe ile taarifa ya Dokta."

Taarifa ya Dokta Gachanja ilikuwa kurasa mbili, imepangwa vizuri, bila neno lililofutwa. Kanze aliisoma mara ya tatu tangu jana. Alipofika katikati aliweka kidole: *Jumamosi, kama saa tano asubuhi, nilipita maabara nikamwona mwanafunzi huyu akichota unga wa mchuzi kutoka katika mkebe wa bluu, akikuza bakteria ambao nilidhani ni wa kazi yake. Sasa naamini alikuwa akitayarisha vichupa vya uongo ili mtahini asipate kugundua kwamba hana chochote.*

"Mkebe wa bluu uko wapi?"

Ulikuwa kwenye rafu juu ya mizani, mkubwa kama mkebe wa rangi ya nyumba. Easter aliusoma mgongoni: lishe ya kawaida ya bakteria, dondoo la nyama ya ng'ombe, chumvi, protini iliyosagwa. Kanze alimtaka asome mara ya pili, Thuku akaandika.

*

Kwenye kibao cha ukumbini Krupali hakuwa peke yake tena. Kando yake aliketi mwanamke mzee mwenye sari nyeupe, mkebe wa chakula wa chuma mapajani. Alikuwa Labhuben, bibi yake, ambaye familia yake ina duka la vitambaa Malindi tangu kabla Krupali hajazaliwa.

"Shikamoo, bibi," alisema Kanze.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye polisi?"

"Ndimi."

"Mbona huli? Umekonda. Kaa." Labhuben alifungua mkebe. Mlikuwa na vipande vya dhokla, mkate wa dengu wa mvuke, na pilipili za kukaanga. "Huyu hali tangu Jumatatu. Mimi namwambia, mtu mwenye haki anakula. Mwizi ndiye asiyekula."

"Ba," alisema Krupali kwa sauti ndogo.

Kanze alichukua kipande kimoja, akakaa. "Bibi, nina swali. Ulikubali asome kazi hii?"

"Nilikataa. Mwaka mzima nilikataa. Bhikhubhai, mwanangu, akasema mwache mtoto asome, ni dawa. Mimi nikasema dawa sawa, lakini nimesikia huko wanachemsha ng'ombe, wanawalisha wadudu. Katika nyumba yangu hata yai halijaingia. Nikamwambia, ukigusa kile kitu, usirudi jikoni kwangu."

"Naye?"

"Akaja na karatasi. Akanionyesha anaweza kupika ya soya. Akaapa mbele ya taa ya sala, asubuhi. Hatogusa. Ndipo nikampa ruhusa." Mzee alifunga mkebe. "Wanasema mjukuu wangu mwongo?"

"Wanasema."

"Mjukuu wangu mkaidi. Mwongo, hapana. Ukaidi ninaujua, umetoka kwangu."

Kanze alimgeukia Krupali. "Sasa nakuuliza. Mkebe wa bluu ulioko juu ya mizani umewahi kuushika?"

"Hata kuusogeza namwomba Oliver."

"Nani anajua?"

"Oliver. Fundi aliyekuwapo kabla ya Easter. Kila mtu anayefanya kazi mle ndani."

"Na Dokta Gachanja?"

"Dokta haji maabara. Tunaonana ofisini kwake, mara mbili kwa muhula. Lakini anajua. Lazima ajue. Nimeandika."

"Umeandika wapi?"

"Katika tasnifu. Sura ya tatu, njia za utafiti. Alinirudishia mwezi wa pili, ameitia sahihi kila ukurasa."

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika tano. Kanze alisimama.

"Thuku. Ofisi ya masomo. Tasnifu yake, nakala yenye sahihi, si nyingine. Wakikwambia wako kwenye chakula cha mchana, kula nao."

*

Thuku alirudi saa nane kasoro dakika tano, shati limelowa, bahasha kwapani. Alimwonyesha Kanze ukurasa, kisha akamnong'oneza jambo la pili. Alipopita maegesho, aliona gari la Dokta Gachanja chini ya mkorosho. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sanduku la barafu, jeupe, kama la wauza samaki, limefungwa mkanda wa usalama kama mtoto. Na mlinzi wa geti alisema Dokta aliacha maagizo: geti liwe wazi saa tisa, ana ndege Malindi saa kumi.

"Kaa mlangoni," alisema Kanze. "Akitoka kwenda kujisaidia, mfuate."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Nyokabi, mwanamke wa miaka sitini aliyezoea kusikilizwa. Wajumbe wawili walikaa kando yake. Krupali aliketi peke yake upande mmoja wa meza. Upande wa pili aliketi Dokta Gachanja, suti ya kijivu, saa mkononi aliyoitazama mara mbili kabla hajasemeshwa. Oliver na Easter walikaa nyuma.

"Inspekta, tunakuheshimu," alisema Profesa, "lakini hii ni kamati ya chuo. Una dakika kumi."

"Zinatosha, Profesa. Namwuliza Dokta tu, na konstebo wangu anaandika kwa Kiswahili kama sheria ya kituo chetu."

Gachanja alitabasamu. "Karibu. Ila nina safari, nisingependa tukawie."

"Jumamosi ulimwona Krupali kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Nilisimama mlangoni, hatua nne hivi."

"Akifanya nini?"

"Akichota unga wa mchuzi. Mkebe wa bluu. Nimeandika katika taarifa."

"Hukukosea mkebe?"

"Inspekta, nimekuwa katika kazi hii miaka kumi na minane. Mkebe naujua."

"Na huo ndio mchuzi wa Krupali wa siku zote?"

"Ndio mchuzi wa kila mtu. Ukienda maabara yoyote ya hapa nchini utaukuta."

"Sikuulizi habari za kila mtu. Nakuuliza habari za Krupali."

"Krupali pia. Mimi ndiye msimamizi wake. Hakuna hatua ya kazi ile nisiyoijua."

Nyuma, Oliver alikohoa. Profesa alimtazama.

Kanze aliweka tasnifu mezani, akaifungua ukurasa wa arobaini na moja. "Hii sahihi chini ni ya nani?"

"Yangu."

"Na maneno yaliyo juu yake?"

"Nimesoma na nimekubali."

"Basi soma aya ya pili, ututafsirie polepole, konstebo aandike."

Gachanja aliuvuta ukurasa kwake. Alianza upesi, kama mtu anayesoma tangazo. "'Bakteria wote walikuzwa katika nyuzijoto thelathini na saba...' Hayo ni ya kawaida. 'Kwa sababu za imani ya mtafiti...'"

Akasimama.

"Endelea, Dokta," alisema Profesa Nyokabi.

"'Kwa sababu za imani ya mtafiti, mchuzi wenye dondoo la nyama ya ng'ombe haukutumika katika hatua yoyote ya kazi hii.'" Sauti yake ilikuwa imeshuka. "'Badala yake ulitumika mchuzi wa soya, uliotayarishwa na mtafiti mwenyewe. Mchuzi huu ni wa rangi ya hudhurungi, na rangi hiyo hubaki katika vichupa vya akiba.'"

Thuku, aliyesimama mlangoni na daftari kifuani, aliandika yote.

Kanze aliweka picha tatu juu ya tasnifu. "Hiki ni kichupa chake cha mwaka jana. Hivi ni vile mlivyovikuza Jumatatu. Vyeupe. Aliyevitengeneza alitumia mkebe wa bluu, kama alivyosema Dokta. Ila ni mtu asiyejua kwamba Krupali haushiki."

"Huu ni upuuzi," alisema Gachanja. "Mtu anayeghushi atashindwa kushika mkebe? Aliacha imani yake mlangoni siku hiyo, basi."

"Ingewezekana. Rangi peke yake haimfungi mtu. Oliver, simama."

Oliver alisimama. Alisema yote, kuanzia chupa ya kioo, ukwaju, visanduku juu ya barafu, mpaka vichupa vinane alivyovifuta mkononi Jumapili vikiwa na rangi ya chai. Hakumtazama Profesa hata mara moja.

"Wewe uliweka juisi katika friza yangu ya digrii themanini," alisema Profesa.

"Ndiyo, Prof."

"Tutaonana wiki ijayo. Kaa."

"Kwa hiyo Jumamosi hakukuwa na vichupa vya uongo," alisema Kanze. "Dokta alieleza kitu ambacho hakukiona. Alichagua Jumamosi kwa sababu daftari linaonyesha msichana alikuwa peke yake siku hiyo. Vichupa vilibadilishwa kati ya Jumapili saa tano na robo na Jumatatu saa nane. Kitabu cha geti kinaonyesha ufunguo wa wanafunzi ulirudi Jumapili saa tano na nusu, na haukutoka tena. Easter alikuwa Mombasa mpaka Jumatatu asubuhi, na tangu hapo alikuwa na mtahini. Umebaki ufunguo mmoja. Mwenye ufunguo huo hatii sahihi katika daftari. Sivyo, Easter?"

"Wasimamizi hawaandiki," alisema Easter. "Ndivyo nilivyoikuta."

Gachanja alisimama. "Profesa, sitakaa hapa nitukanwe. Nina ndege."

"Ndege ya kwenda wapi?" Profesa aliuliza. "Uliniambia mkutano wa Kisumu."

Gachanja alitazama saa yake.

"Vichupa vingeibwa tu, vingetafutwa," alisema Kanze, "na siku vikionekana mahali, mwenyewe angevidai. Lakini mtu aliyekwisha kuitwa mwongo, nani angemsikiliza akisema ile dawa ni yangu? Dokta, sanduku lililo katika gari lako lina nini?"

"Samaki."

"Samaki wa kwenda Kisumu," alisema Thuku mlangoni.

Kanze alizunguka meza. "Dokta Gachanja, nakukamata kwa tuhuma ya wizi na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Funguo za gari, tafadhali."

Alizitoa mfukoni taratibu. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, "Barafu kavu niliitia saa moja asubuhi. Ilikuwa itoshe mpaka saa tano tu. Nilidhani kikao kingeletwa mbele, kiwe asubuhi, nipate kuongeza nyingine kabla ya ndege."

Krupali aliinuka kiti kikaanguka.

*

Gari lilikuwa chini ya mkorosho, lakini kivuli kilikuwa kimelihama. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Thuku alipofungua mlango, joto lililotoka ndani lilimfanya arudi nyuma. Kanze alinyoosha mkono kufungua mkanda.

"Msiguse," alisema Krupali.

Alikuwa amewapita wote mbio, Profesa na wajumbe wake nyuma yake. Kanze aliushusha mkono.

"Ukilifungua hapa, baridi iliyobaki inatoka. Thuku, libebe hivyohivyo, usilitikise. Easter, nataka barafu iliyosagwa, ndoo nzima, na sahani nane za kukuzia, za mchuzi wangu, ziko rafu ya chini. Oliver, washa kabati la joto, thelathini na saba."

"Krupali," alisema Profesa Nyokabi, "kamati haijatoa uamuzi. Barua ya kukuzuia—"

"Prof, walio hai humo wanakufa sasa hivi. Niandikie barua nyingine nikitoka."

Profesa alisogea, akampisha. Easter alikuwa amekwisha kukimbia. Alifika mlangoni kwanza, akaing'oa barua kwa kucha, akaufungua mlango wote mpaka ukagonga ukuta.

Walifungulia sanduku juu ya meza yake. Barafu kavu, ile inayotoweka kuwa gesi bila kuacha maji, ilibaki vipande viwili, visivyozidi kete za bao. Katikati yake, ndani ya glavu iliyofungwa fundo, mlikuwa na vichupa vinane. Krupali alikiinua cha kwanza kwenye mwanga, akakiinamisha. Kilichokuwa ndani kilisogea. Kimeyeyuka. Cha pili kimeyeyuka. Cha tatu, cha nne. Alivipanga kwenye barafu. Cha saba kilikuwa na kiini kigumu katikati, kikubwa kama punje ya mtama. Cha nane vilevile.

"Hiyo ina maana gani?" Kanze aliuliza.

"Ina maana sijui." Alikuwa amekwisha kuvaa glavu. "Wengine hustahimili. Wengine hufa. Itajulikana kesho asubuhi, sahani zikiwa na madoa."

"Na zisipokuwa nayo?"

"Basi sikughushi, na sina kitu vilevile. Tafadhali rudi nyuma ya mstari, Inspekta. Huna koti."

Kanze alirudi nyuma ya mstari wa manjano. Profesa Nyokabi naye akarudi, akasimama kando yake. Nje ukumbini Labhuben aliketi na mkebe wake, akiangalia kupitia mlango ulio wazi. Krupali alitia waya katika kichupa cha nane, akachora mistari juu ya sahani ya kwanza. Alipofunika, alichukua kalamu ya wino mzito akaandika tarehe, na chini yake jina lake lote, kwa herufi kubwa.

Kanze alimwashiria Thuku aandike. Saa tisa kasoro dakika sita mchana, mlalamikaji ametambua mali yake.

"Niandike ni hai ama imekufa, Afande?"

"Acha nafasi," alisema Kanze.